Kivuli cha Bosi

Mwisho wa Januari, mchana jua likiwa juu, Wakesho alikuwa amekaa kwenye veranda ya nyumba yake pale Birikani, Voi, akichambua maharagwe kwenye ungo, mumewe alipoingia. Geti lilikuwa limefungwa kwa komeo kutoka ndani. Nicholas hakulifungua. Alipita tu, akiwa amevaa suti ya kijivu aliyozikwa nayo mwezi wa Agosti. Viatu vyake vilijaa vumbi jekundu la Rukanga, kwa maana kaburi lake liko huko, chini ya mlima Kasigau, na ni mwendo mrefu.

Hakuangalia veranda. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya chuma karibu na geti, pale mbwa wao Bosi alipokuwa amefungwa mnyororo, akasimama upande wa jua. Kivuli chake kikamwangukia mbwa. Mtu wa kawaida saa hiyo hana kivuli cha kumfaa mwenzake. Ana kipande kidogo tu kinachozunguka miguu yake mwenyewe. Kivuli cha Nicholas kilikuwa kipana kama cha mlango uliosimamishwa. Bosi alijikokota akaingia ndani yake mwili mzima, akalaza kidevu juu ya miguu ya mbele. Ulimi wake, uliokuwa umening'inia karibu kugusa vumbi, ukaanza kurudi mdomoni.

"Karibu, Baba Crispus," Wakesho alisema.

Nicholas aliinua mkono kidogo, kama mtu aliye kazini asiyetaka kusumbuliwa. Wakesho alimaliza kuchambua, akaenda jikoni, akaongeza maharagwe kwenye sufuria ili chakula kitoshe. Lakini Nicholas hakuja kula. Jua lilipoegemea upande wa Milima ya Taita na ukuta wa jirani ukaanza kutoa kivuli chake, aligeuka, akapita kwenye geti lililofungwa, akaenda zake.

Kesho yake alirudi, na siku iliyofuata vilevile.

Nguzo ile ilikuwa kipande cha reli ya zamani ambacho Nicholas alikichimbia mwenyewe walipohamia hapo. Wakati huo pembeni yake palikuwa na mwarobaini mkubwa. Aliukata kwa sababu majani yake yalikuwa yakiziba mfereji wa kupeleka maji ya mvua kwenye tangi. Wakesho alipouliza mbwa atalala wapi, alijibiwa kwamba mbwa akipata kivuli atalala, na akilala mwizi ataingia. Nicholas alikuwa nyapara kwa miaka mingi katika shamba la mkonge, na kuhusu vibarua alikuwa na maoni hayohayo. Mbwa wa kwanza alifia kwenye nguzo ile mwezi wa Februari. Wa pili alifia hapohapo, mwaka mwingine, wakati wa joto. Nicholas alisema walikuwa wa mbegu dhaifu. Bosi aliletwa akiwa mdogo, rangi ya kahawia, kifua cheupe, akakulia kwenye mnyororo huo. Hakuwahi kuona upande wa pili wa nyumba.

Nicholas alipougua figo, kitanda chake kiliwekwa karibu na dirisha linalotazama geti. Alilala pale majuma mengi akimwangalia mbwa, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuangalia. Siku moja, akiwa tayari hana nguvu ya kugeuka, aliuliza, "Mbwa amepewa maji?" Wakesho alijibu kwamba amepewa. Hakuwa na hakika. Nicholas hakuuliza tena, na haukupita muda mrefu akafariki.

Majirani walimwona anavyokuja na kuondoka. Kathini, wa nyumba ya upande wa pili wa ukuta, alimkuta Wakesho akianika nguo.

"Naona mzee amerudi, Mama Crispus."

"Amerudi."

"Yu mzima?"

"Hapana."

"Pole. Lakini afadhali mbwa amepata mtu."

Mwenyekiti wa Nyumba Kumi alipita kuuliza kama mzee anapaswa kuhesabiwa miongoni mwa wakazi. Alipoambiwa kwamba halali hapo, aliridhika, akaomba maji ya kunywa, akaenda.

Crispus, mwana wao wa kwanza, alikuwa akifanya kazi ya usiku kwenye kituo cha mafuta barabara ya Mombasa. Alikuwa akiamka mchana, akinawa uso kwa maji ya tangi. Siku ya kwanza alimtazama baba yake kwa mbali. Siku ya pili alibeba kiti cha plastiki akakiweka karibu na nguzo. Nicholas alipokuwa hai, watoto wake hawakumkaribia ila walipoitwa, na walipoitwa hawakukaa. Sasa Crispus alimweleza habari za madereva wa malori, za mpira, za msichana wa Mwatate aliyekuwa akimtaka lakini hakujua aanzie wapi. Nicholas alisikiliza. Hakuwa akijibu, ila mara nyingine alitikisa kichwa, na Crispus alirudi ndani akiwa na uso wa mtu aliyeshiba.

Wakesho naye alianza kusogeza kazi zake. Alihamishia karai la kufulia pale getini, na kibao cha kukatia mboga, na mahindi ya kupukuchua. Alimweleza mumewe habari za jumuiya, nani ameolewa, nani amehama, bei ya nyanya, tembo waliovunja uzio wa watu upande wa Ndara. Alipokuwa hai, Nicholas hakuwa na subira ya habari kama hizo. Angeinuka katikati ya neno. Sasa hakuweza kuinuka. Kama angeondoka, jua lingempata mbwa.

Katikati ya Februari, Ndulu, ofisa wa mifugo, alipita nyumba kwa nyumba akichanja mbwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Alikuwa kijana mpole mwenye boksi la barafu begani. Alimsalimia Wakesho, akamwamkia Nicholas "Shikamoo, mzee," kisha akapiga magoti kando ya Bosi. Alimchoma sindano, lakini hakuinuka. Alifunua midomo ya mbwa akaangalia ufizi. Aligusa mate yake, yaliyokuwa mazito kama uji. Aliweka kiganja chini, kwenye udongo, akakiondoa haraka.

"Mama, huyu mbwa anateseka."

"Lakini yuko kivulini."

"Kivuli cha mzee ni kizuri, sisemi. Lakini ardhi inachemka tangu asubuhi, na chuma hiki pia. Anapikwa kutoka chini. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Anapoa kwa ulimi na kidogo kwa nyayo, basi. Nyayo zikikanyaga moto na ulimi ukikosa maji, hana njia nyingine."

"Tufanye nini?"

"Mhamishe tu. Huku nyuma ya nyumba pana upepo na saruji yake ni ya baridi. Muwekee maji kwenye beseni zito asiloweza kulipindua. Ukimwona anahema hivi, mloweshe tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida, si ya barafu. Na mnyororo huu, kama lazima awe nao, uwe mrefu." Alifikiri kidogo. "Si kazi ngumu, Mama. Ni ya dakika chache."

Alifunga boksi lake, akamuaga mzee, akaenda kwa Kathini.

Wakesho alifanya kama alivyoambiwa. Kesho yake asubuhi, Crispus akiwa amelala, alifungua mnyororo kwenye nguzo, akamvuta Bosi hadi nyuma ya nyumba. Mbwa alikataa kupita pembe ya ukuta. Hakujua kama dunia inaendelea baada ya hapo. Alipopita, alisimama akinusa kila kitu kwa zamu: tangi, ndoo, mlango wa choo, viatu vya Crispus. Kisha alilala chali kwenye saruji, miguu juu, na Wakesho akacheka peke yake.

Mchana Nicholas alikuja. Wakesho alimwona kutoka dirishani. Alifika kwenye nguzo akasimama mahali pake, akatazama chini. Hapakuwa na mbwa. Alitazama kushoto na kulia kama mtu aliyefika kituoni akakuta gari limeshaondoka. Kivuli chake kilikaa juu ya udongo mtupu. Wakesho alitoka nje kumwambia.

"Nimempeleka nyuma, Baba Crispus. Kuna baridi huko. Njoo ukae na mimi."

Nicholas alimsikiliza hadi mwisho. Uso wake ulilegea, kama uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Alitikisa kichwa kukubali, akageuka, akatoka.

Kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata. Bosi alikula vizuri. Alijifunza kubweka akiwa upande ule. Crispus aliamka, akabeba kiti chake hadi getini, akakaa peke yake, akarudi ndani. Wakesho alipika, akafua, akapukuchua mahindi, na hakukuwa na wa kuambiwa. Nyumba ilikuwa kimya kuliko ilivyokuwa baada ya mazishi, kwa sababu baada ya mazishi kulikuwa na wageni.

Asubuhi iliyofuata alikwenda nyuma, akashika mnyororo, akamrudisha Bosi kwenye nguzo. Safari hii mbwa hakukataa. Alijua njia. Wakesho alijiambia kwamba amefanya hivyo kwa sababu ya wezi, maana mtaa wa pili walikuwa wameiba pampu ya maji. Crispus alipoamka akaona, alisema, "Ndiyo, Mama. Wezi wamezidi," akaenda kuchukua kiti.

Saa ilipofika Nicholas aliingia. Alimtazama mbwa, kisha akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Wakesho aliinamisha macho kwenye mboga alizokuwa akikata. Aliposikia mnyororo ukitulia alijua kwamba kivuli kimefika.

Mwezi wa Machi ulipoingia, jua lilisimama wima juu ya Voi. Ukuta haukuwa na kivuli, wala tangi, wala geti. Hata Nicholas, kwa upana wote wa kivuli chake, akisimama kilimwangukia yeye mwenyewe miguuni na mbwa akabaki nje. Siku ya kwanza ya jua hilo alihangaika akizunguka nguzo, akijaribu upande huu na ule. Mwishowe alipiga magoti. Aliweka viganja chini upande mmoja wa mbwa na magoti upande mwingine, akajifanya paa. Bosi alilala chini ya kifua chake.

Alikuwa mtu aliyekataa kuketi kwenye kiti cha chini mbele ya watu. Wakesho alitaka kumwambia asimame, wapita njia wanaona, lakini hakusema. Alisogeza kiti. Baada ya siku kadhaa aliona kwamba suti imepauka mgongoni, na kwenye magoti nyuzi zimeanza kuachana. Alikwenda kuchukua sindano na uzi wa kijivu. Alipojaribu kushika kitambaa, vidole vyake havikukuta kitu, ila baridi kidogo, kama mtu aliyeingiza mkono kwenye mtungi.

Wiki hiyo binti yao Wakio alikuja kutoka Mwatate. Alikuwa fundi wa nguo huko, mwenye kibanda chake na mashine mbili. Alikuwa akija asubuhi na kuondoka jioni. Tangu amalize shule hakuwahi kulala katika nyumba ile. Crispus alikuwa amempigia simu mapema kumwambia baba yao anakuja kila mchana. Wakio alijibu kwamba ana sare za shule za kushona, akachelewa majuma mengi, kisha akaja.

Alimkuta baba yake amepiga magoti juu ya mbwa. Alisimama getini na mkoba begani.

"Tangu lini yuko hivi?"

"Tangu jua lisimame," Wakesho alisema. "Kabla ya hapo alikuwa amesimama."

"Na nyinyi mnakaa mnamwangalia?"

"Tunaongea naye. Njoo, mwanangu, msalimie baba yako."

Wakio aliweka mkoba chini. Alikwenda kwenye tangi, akajaza beseni, akachukua kitambaa kwenye kamba ya nguo. Alirudi akapiga magoti mbele ya baba yake, uso kwa uso, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kumfikia mbwa.

"Sogeza mkono, Baba."

Nicholas alisogeza mkono. Wakio alipenyeza wake chini ya kifua chake akamlowesha Bosi tumbo, kisha nyayo moja baada ya nyingine, akizipangusa polepole kama mtu anayeosha mtoto. Alimwaga maji pembeni kwenye udongo, na udongo ukatoa sauti. Bosi alilamba mkono wake. Wakio alipomaliza alibaki amepiga magoti, akiangalia ardhi ile.

Mahali hapo alipajua. Alipokuwa na miaka kumi na sita alionekana kwenye disko matanga, ile ngoma ya usiku ya kuchangisha pesa za mazishi, na aliyemwona alikwenda kumwambia baba yake. Nicholas alimtoa ndani asubuhi, akamwambia apige magoti karibu na nguzo, uso juani, mpaka atakapojua yeye ni mtoto wa nani. Mbwa wa wakati huo alikuwa upande mmoja na yeye upande mwingine. Wakesho alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kikombe cha maji mkononi. Alisimama nacho hadi Wakio alipoanguka. Kisha akakiweka mezani, kwa sababu Nicholas alikuwa akitazama.

Wakio aliinuka. Kichwa kilimzunguka kidogo kwa lile jua, akashika nguzo, nguzo ikamchoma, akaiachia. Hapo Nicholas alitoka juu ya mbwa. Aliinuka taratibu, goti moja kwanza, akamwendea binti yake, akafungua koti lake kwa mikono miwili na kulinyanyua juu ya kichwa chake. Kivuli kikamfunika mzima, kichwa hadi viatu. Kilikuwa cha baridi kuliko kivuli cha mti. Wakio alisimama ndani yake. Alifumba macho. Wakesho aliona mabega ya binti yake yakishuka.

Nyuma yao, Bosi alianza kuhema.

"Baba," Wakio alisema akiwa bado amefumba macho. "Nilikuwa na miaka kumi na sita." Kisha akafungua macho. "Rudi kwa mbwa."

Nicholas alibaki ameinua koti kwa muda. Halafu alilishusha, akarudi, akapiga magoti.

Wakio alikunywa chai kwenye veranda bila kukaa.

"Mama, nipe Bosi niende naye. Pale nyuma ya kibanda kuna uwanja na miti ya mwenye nyumba. Atakaa vizuri."

"Wiki ijayo," Wakesho alisema.

"Kwa nini si leo?"

"Ngoja Pasaka ipite. Crispus atakuletea."

Wakio alimtazama mama yake, kisha akamtazama mbwa, kisha kiti cha plastiki, na karai, na kibao cha kukatia mboga, vyote vikiwa vimepangwa karibu na nguzo kama vyombo vya sebuleni.

"Mama. Unamfunga ili Baba aje."

Wakesho alichukua kikombe kutoka mkononi mwa binti yake, akakisuuza, akakisuuza tena.

"Wewe ulihama," alisema. "Na Crispus ataoa."

Wakio aliokota mkoba wake. Alipotoka alipitia kwenye nguzo akajaza tena beseni la mbwa, kisha akafungua geti na kulifunga nyuma yake, kwa kuwa yeye alihitaji kulifungua.

Ijumaa Kuu ilifika. Wakesho aliondoka asubuhi kwenda kwenye Njia ya Msalaba na wenzake wa jumuiya. Alimwekea Bosi maji, lakini kwa kuwa beseni zito lilikuwa na nguo zilizolowekwa, aliyaweka kwenye mkebe wa rangi. Crispus alikuwa amepewa zamu ya mchana. Njia ya Msalaba ilikuwa ndefu. Waumini walitembea juani wakiimba, na katika kituo kimoja Wakesho alihisi kizunguzungu. Mwanamke mwenzake akamfunika kwa mwavuli wake na kumpa maji, naye akashukuru.

Bosi alipindua mkebe kabla ya adhuhuri, mnyororo ulipouvuta. Nicholas alifika saa yake ya kawaida, akapiga magoti. Alijaribu kuusimamisha mkebe, lakini ulikuwa mtupu, na hata hivyo mikono yake haikushika kitu. Alijaribu ndoano ya mnyororo. Alikwenda kwenye tangi, akajaribu kuzungusha bomba, na vidole vyake vikapita ndani ya shaba. Kila alipoondoka, jua lilimpata mbwa, akalazimika kurudi.

Hapo ndipo alipoongea. Tangu arudi hakuwa amesema neno.

"Wakesho!" aliita. "Wakesho, maji!"

Kathini alisikia akiwa jikoni kwake. Alisikia wazi, akaitambua sauti. Lakini kwa miaka yote ya ujirani wao alikuwa ameisikia sauti hiyo ikiita jina hilo, ikitaka maji, ikitaka viatu, ikitaka chakula, na daima mtu alikwenda. "Sikutaka kuingilia mambo ya mtu na mkewe," alisema baadaye. Hakuna aliyemlaumu.

Wakesho alirudi jua likiwa linaelekea milimani. Ukuta ulikuwa tayari umetoa kivuli chake, na kilifika hadi kwenye nguzo na zaidi. Nicholas hakuwa ameondoka. Alikuwa bado amepiga magoti na viganja chini, na chini yake Bosi alikuwa amelala kwa ubavu, miguu imenyooka, ulimi nje, umekauka na kushika vumbi.

Wakesho alisimama na rozari mkononi.

"Nilikuita," Nicholas alisema.

"Nilikuwa kwenye Njia ya Msalaba."

"Najua."

Nicholas aliondoa viganja chini. Aliinuka. Upande wa magoti suti ilikuwa imetoboka kabisa. Alimtazama mbwa mara nyingine, akajipangusa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu, akatoka. Wakesho aliteka maji kwenye tangi, akaja akamlowesha Bosi tumbo na nyayo, zote, moja baada ya nyingine, kama alivyoona Wakio akifanya. Alifanya hivyo hadi giza lilipoanza kuingia na Crispus akarudi, akamshika mkono, akamwambia, "Basi, Mama."

Walimzika palipokuwa na kisiki cha mwarobaini. Crispus alichimba bila kuvua sare ya kazi. Alipofungua mnyororo shingoni mwa mbwa, ngozi ya chini ilikuwa haina manyoya, nyororo kama ya ndani ya mkono wa mtu. Alimwonyesha mama yake. Wakesho aliiona.

Nicholas hakuja tena. Mvua ya Aprili ilinyesha siku chache ikakatika, na joto likarudi kama halikuwa limeondoka. Crispus alianza kulala hadi alasiri. Wakesho alikwenda Rukanga kutengeneza kaburi. Alikuta udongo umetulia na majani yameota, na hakuna dalili kwamba kuna mtu aliyetoka. Alikaa hapo akimweleza habari za jumuiya. Upepo ulivuma kutoka Kasigau. Hapakuwa na namna ya kujua kama anasikilizwa.

Mbwa wa Kathini alikuwa amezaa. Mwezi wa Mei, watoto wake wakiwa wameacha kunyonya, Wakesho alikwenda kumtembelea na akarudi na mmoja kwenye kikapu, wa kike, mweusi, mwenye kucha nyeupe. Kathini alimpa bila kuuliza. Crispus alimkuta jikoni akinywa maziwa kwenye kifuniko cha sufuria.

"Wa nini, Mama?"

"Wezi."

 Crispus alikwenda uani, akaleta mnyororo, akatoa pete kadhaa kwa koleo ili usiwe mzito mno kwa mtoto. Akaufunga kwenye nguzo.

Kesho yake anga lilikuwa jeupe kwa joto. Mtoto wa mbwa alilia asubuhi yote, akijaribu kukaa juu ya miguu miwili kwa zamu ili udongo usimchome. Wakesho aliweka maji kwenye beseni zito. Alileta kiti chake, akaleta ungo. Alikaa akichambua mchele ambao hakuwa ameupanga kupika, na hakuinua macho.

Simu yake iliita. Alikuwa Wakio, kutoka Mwatate.

"Mama, Crispus ameniambia mmepata mbwa mwingine."

"Mdogo tu."

"Anakaa wapi?"

Wakesho alitazama nguzo. Nicholas alikuwa amefika. Alikuwa amesimama juu ya mtoto wa mbwa katika suti yake iliyotoboka, na alikuwa akimtazama mkewe kwa uso wa mtu aliyechoka sana, aliyeitwa kazini siku ya kupumzika. Alimtazama hivyo kwa muda. Kisha alishusha goti moja, halafu la pili, akaweka viganja chini, na kilio cha mtoto wa mbwa kikakoma.

"Mama? Nimekuuliza anakaa wapi."

"Yuko kivulini," Wakesho alisema.